Hoja za kura California: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka wa uchaguzi, bahasha za kura zikishafika majumbani mwezi wa Oktoba, maswali huwa ni yale yale. Wagombea watu wanawajua kwa sura na kwa majina, lakini karatasi ikigeuzwa kunakutwa namba, maandishi ya sheria, na NDIYO au HAPANA. Ukurasa huu unahusu sehemu hiyo, kwa wapiga kura wa California wanaozungumza Kiswahili. Walio majimbo mengine waanzie swali la 18.

## Mambo ya msingi

1. Hii "Prop" ni kitu gani?

Ni hoja ya sheria inayoamuliwa na wapiga kura wenyewe badala ya kuachiwa wabunge. Jina lake rasmi ni Proposition, lakini mtaani kila mtu husema Prop na namba yake: Prop 13, Prop 22, Prop 36. Hakuna chama wala mgombea wa kuchagua, kuna NDIYO na HAPANA tu. Novemba 2024 karatasi ya California ilikuwa na hoja kumi za jimbo zima, bado hujahesabu za kaunti na za mji unaoishi.

2. Utaratibu huu ulitoka wapi?

Ulitokana na hasira dhidi ya kampuni ya reli. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni hiyo, Southern Pacific, ilikuwa na mkono wake katika karibu kila kitu kilichoamuliwa Sacramento, mji mkuu wa jimbo. Hiram Johnson aligombea ugavana mwaka 1910 akiahidi kuing'oa reli katika siasa. Alishinda, na Oktoba 1911 wapiga kura wakaingiza katika katiba ya jimbo haki tatu: kupeleka sheria kwa wananchi kwa kukusanya sahihi, kuizuia sheria iliyopitishwa na bunge, na kumwondoa kiongozi kabla ya muhula wake kwisha. California haikuwa ya kwanza. South Dakota ilishaanza mwaka 1898, na Oregon ilifuata.

Kinachochekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba njia iliyofunguliwa ili kuibana kampuni moja kubwa leo inatumiwa zaidi na wenye fedha. Hilo liko swali la 10.

3. Hoja zote ni za aina moja?

Hapana, na tofauti yake ni ya maana kabla hujajaza chochote.

Kuna zinazotoka kwa wananchi. Mtu au kundi huandika sheria mpya, au marekebisho ya katiba, na kukusanya sahihi mpaka zitoshe. Bunge haliulizwi, na gavana hana kura ya turufu.

Kuna zinazotoka bungeni. Bunge la jimbo haliwezi kugusa katiba ya California bila idhini ya wapiga kura. Theluthi mbili ya kila baraza zikikubali, hoja inakuja kwako. Mikopo mikubwa ya jimbo kwa njia ya hati fungani hupita njia hiyo pia. Hapo utaona "shule", "maji" au "nyumba" kwa herufi kubwa, na neno "deni" kwa sauti ya chini.

Aina ya tatu ni ya kupinga sheria. Bunge limepitisha, gavana amesaini, na wasioitaka wana siku 90 za kukusanya sahihi. Zikitosha, sheria husimamishwa pale pale mpaka siku ya kura. Aina hii ndiyo inayowakoroga watu kuliko zote. Tazama swali la 11.

4. Ni sawa na kura ya maoni ya Kenya ya 2010, au ile ya Zanzibar?

Zinafanana kwa karatasi tu. Agosti 2010 Wakenya waliulizwa jambo moja zito, katiba mpya, wakaikubali kwa takriban asilimia 67. Siku chache kabla yake, tarehe 31 Julai, Wazanzibari waliulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Kura za namna hiyo huja mara moja kwa miaka mingi, na nchi nzima hugawanyika kwa ajili yake. California huuliza maswali kila baada ya miaka miwili, mengine mazito, mengine ya kiufundi kabisa. Na kumbuka: Marekani kama taifa haina kura ya maoni. Haya ni mambo ya jimbo.

5. Mbona nasikia Prop 1 mbili, au Prop 6 tatu?

Namba huanza upya kila baada ya miaka kumi, na wakati mwingine bunge huipa hoja namba linayoitaka. Kwa hiyo namba bila mwaka haina maana. Mtu akikwambia "Prop 8 ilikuwa mbaya", muulize ya mwaka gani.

## Nani anaruhusiwa

6. Nina green card, nalipa kodi, na wanangu wanasoma hapa. Naweza kupigia hoja kura?

Huwezi. Hoja za jimbo ni za raia wa Marekani waliojiandikisha, wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenye green card, mkimbizi, mwenye hifadhi au viza ya aina yoyote haruhusiwi. Hili tunalisema bila kulainisha kwa sababu gharama yake ni kubwa: asiye raia akipiga kura, au akijiandikisha kwa kudai kuwa ni raia, anaweza kupoteza nafasi ya uraia na hata kurudishwa alikotoka. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Jibu la "sikujua, mtu mmoja mwema alinijazia" halisaidii sana. Ukiwa ofisi ya leseni na ukaona swali kuhusu kujiandikisha kupiga kura, soma mara mbili kabla ya kuweka alama.

Watu huleta mfano wa San Francisco, ambako wazazi wasio raia wanaweza kuchagua bodi ya shule. Ni kweli, lakini ruhusa hiyo ni ya bodi ya shule tu, na haigusi hoja hata moja ya jimbo.

7. Nilipata uraia mwezi huu na tarehe ya kujiandikisha imepita. Nimechelewa?

Hapana. California inaruhusu kujiandikisha na kupiga kura papo hapo, hata siku yenyewe ya uchaguzi, kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti au kituo cha kura. Kura yako huwekwa pembeni mpaka kaunti ithibitishe taarifa zako, kisha huhesabiwa.

8. Mlangoni mwa supamaketi kuna kijana mwenye ubao wa fomu anataka nisaini. Nisaini?

Kwanza: uwe mpiga kura uliyejiandikisha. Kama si raia, jibu ni "asante, siwezi", halafu endelea na troli lako.

Pili, jua unazungumza na nani. Wengi wa hao vijana wanalipwa kwa kila sahihi. Ni halali, na fomu yenyewe lazima iwe na tangazo linalosema kwamba mkusanyaji anaweza kuwa wa kulipwa na kwamba una haki ya kumuuliza. Muulize. Mara nyingi atakuwa na fomu nne au tano kwenye ubao mmoja. Ya juu ni ile tamu, "kupunguza bei ya nyumba" au "kulinda watoto", na zilizo chini hufunuliwa pembeni tu: "na hapa, na hapa pia." Kila fomu ina jina na muhtasari ulioandikwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Huo ndio wa kusoma. Maneno ya mdomoni mwa kijana hayana nguvu yoyote ya kisheria, lakini sahihi yako inayo.

Kusaini si kuikubali hoja, ni kusema iende kwa wapiga kura. Ukijuta baadaye, unaweza kuiandikia ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako ukiomba sahihi yako iondolewe, mradi fomu hazijakabidhiwa.

## Hoja inavyofika kwenye karatasi

9. Zinatakiwa sahihi ngapi?

Hesabu hufuata idadi ya waliopiga kura katika uchaguzi wa gavana uliopita: asilimia 5 kwa sheria ya kawaida au kwa kuipinga sheria, asilimia 8 kwa kurekebisha katiba. Kwa kura za 2022, hiyo ni sahihi 546,651 na 874,641. Mwenye hoja ya wananchi hulipa ada ya dola 2,000 (hurudishiwa hoja ikifuzu), na akishapewa jina na muhtasari ana siku 180.

Kaunti hazihakiki sahihi zote. Huchukua sampuli, na makadirio yakifika asilimia 110 ya kinachohitajika hoja hupita. Yakiwa chini ya 95 huanguka. Katikati ya hapo ndipo huhesabiwa moja moja. Kwa hiyo wakusanyaji hulenga kuvuka idadi kwa mbali, kwa kuwa majina ya waliohama, ya wasiojiandikisha na ya waliosaini mara mbili hukatwa.

10. Fedha za matangazo yote haya zinatoka wapi? Na mwenye fedha hushinda?

Fedha ni kigezo kizuri cha kuingia na kibaya cha kutabiri matokeo. Kupata sahihi nusu milioni bila mamilioni ya dola ni kazi ngumu mno, kwa hiyo mlango wa kwanza una bei. Baada ya hapo mambo hubadilika.

Mwaka 2020 Uber, Lyft, DoorDash na wenzao walitumia zaidi ya dola milioni 200 kwa ajili ya Prop 22, ili madereva wao wabaki wakandarasi huru na wasihesabiwe kuwa waajiriwa. Ilipita kwa karibu asilimia 59. Ndugu wengi wanaoendesha Oakland, San Diego na Los Angeles wanaishi ndani ya sheria hiyo mpaka leo: wanahakikishiwa asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara, lakini kwa dakika ambazo wana abiria au wanamfuata. Dakika za kusubiri simu ilie hazimo.

Miaka miwili baadaye zikaja Prop 26 na Prop 27 za kamari ya michezo. Pande zote kwa jumla zilimwaga zaidi ya dola milioni 400. Zote mbili zilianguka, na ya 27 ilikataliwa na zaidi ya wapiga kura wanane katika kila kumi.

Wafadhili wakubwa wa kila hoja hutangazwa, na matangazo ya kampeni lazima yawataje. Kwa maoni yetu, orodha hiyo hufundisha zaidi kuliko tangazo lenyewe.

## Kujaza karatasi

11. NDIYO maana yake nimeikubali sheria, au nimekubali kuifuta?

Inategemea aina (swali la 3). Kwa hoja ya wananchi au ya bunge, NDIYO ni kuleta mabadiliko na HAPANA ni kubaki kama tulivyo. Kwa hoja ya kupinga sheria, mambo yalikuwa yakigeuka: waliokusanya sahihi ndio waliotaka HAPANA. Prop 31 ya 2022 ililetwa baada ya kampuni za tumbaku kukusanya sahihi dhidi ya sheria iliyopiga marufuku tumbaku yenye ladha. NDIYO ilikuwa kuiacha marufuku iendelee. Asilimia 63 walisema NDIYO, na kampuni zikawa zimenunua miaka miwili ya kuendelea kuuza, kwani sheria ilikuwa imesimamishwa tangu 2020.

Mkanganyiko huu ulizidi hadi ikatungwa sheria mwaka 2023: kwa hoja za aina hiyo, karatasi iulize kama unataka sheria idumishwe au ifutwe. Kwa nyingine zote, tafuta sehemu inayosema kura ya NDIYO maana yake nini na HAPANA maana yake nini. Ni sentensi mbili. Ukikosa muda wa kusoma chochote kingine, zisome hizo.

12. Nisome wapi? Kijitabu cha Kiswahili kipo?

Jimbo hutuma kijitabu cha wapiga kura kwa kila kaya yenye mpiga kura. Ndani yake kuna uchambuzi wa ofisi ya Mchambuzi wa Bunge, isiyoegemea upande, pamoja na makadirio ya gharama. Kuna maelezo ya wanaounga mkono na wanaopinga, kila upande ukimjibu mwenzake. Na maandishi kamili ya sheria nyuma kabisa. Anzia kwa mchambuzi. Maelezo ya pande mbili ni kampeni, hata zikiwa zimepigwa chapa na serikali.

Kiswahili hakimo kati ya lugha za kijitabu hicho. Kuna Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kijapani, Kikhmer, Kikorea, Kitagalog, Kithai na Kivietinamu. Lakini una haki ya kusaidiwa na hadi watu wawili unaowachagua mwenyewe wakati wa kupiga kura, ilimradi si mwajiri wako wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Mwanao, shemeji, jirani, wote sawa. Mama akisomewa na binti yake mezani nyumbani hakuna kosa. Anayesaini bahasha ni mama mwenyewe, na sahihi ile italinganishwa na iliyo kwenye kumbukumbu za kaunti.

13. Hoja nisiyoielewa naweza kuiacha wazi? Kura yangu itaharibika?

Haiharibiki. Kila hoja huhesabiwa peke yake, na hupita kwa zaidi ya nusu ya waliojaza hoja hiyo. Ukiacha wazi, hujasaidia upande wowote. Hii ni kwa California; Minnesota ni kinyume, kama utakavyoona swali la 18.

14. Jina la hoja linaweza kunipotosha?

Kupotosha ni neno kali, lakini maneno huchaguliwa, na anayeyachagua ni Mwanasheria Mkuu, ambaye ni mwanasiasa wa kuchaguliwa. Mwaka 2024 Prop 6 ilitaka kuondoa kazi za lazima magerezani kama adhabu. Karatasi ya California ilizungumzia "utumishi usio wa hiari". Hakuna hata aliyeandika sababu za kuipinga kwenye kijitabu, na bado ilianguka. Siku hiyo hiyo, jimbo jirani la Nevada lilipiga kura kuhusu jambo linalokaribiana sana, lakini karatasi yao ilikuwa na neno "utumwa". Kule ilipita. Mengine yalitofautiana pia, lakini neno moja lina uzito wake.

## Baada ya matokeo

15. Ikipita inaanza kufanya kazi lini? Na bunge haliwezi kuifuta?

Kwa kawaida ni siku ya tano baada ya matokeo kuthibitishwa rasmi, yaani katikati ya Desemba, isipokuwa hoja yenyewe itaje tarehe nyingine. Hoja mbili zinazopingana zikipita pamoja, yenye kura nyingi zaidi hushinda pale zinapogongana.

Kuhusu bunge: sheria iliyotungwa na wapiga kura hubadilishwa na wapiga kura, labda kama yenyewe imelipa bunge ruhusa. Prop 22 ililipa ruhusa ya kuirekebisha kwa saba ya nane ya kila baraza, ambayo kwa hali halisi ni kufungua mlango na kuuegemezea kabati.

16. Je, mahakama?

Mahakama inaweza, na imefanya mara kadhaa. Prop 187 ya 1994, iliyotaka kuwanyima wahamiaji wasio na hati shule na matibabu ya umma, ilipita kwa karibu asilimia 59 na ikazuiwa na mahakama ya shirikisho. Sehemu zake kuu hazikuwahi kutekelezwa. Prop 8 ya 2008, iliyopiga marufuku ndoa za jinsia moja, iliangushwa mahakamani, na maneno yake yakaondolewa rasmi katika katiba kwa Prop 3 ya 2024. Na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California iliiondoa kwenye karatasi, kabla hata ya kura, hoja ya kuligawa jimbo vipande vitatu. Wengi kufurahi si hoja ya kutosha kama katiba imevunjwa.

Iliyoshindwa, kwa upande wake, yaweza kurudi. Hoja ya kuziruhusu serikali za miji na kaunti kudhibiti zaidi kodi ya pango ililetwa 2018, 2020 na 2024, ikaanguka mara zote tatu.

17. Prop 13 ni ya mwaka 1978. Inanihusu nini mimi niliyenunua nyumba juzi?

Inakuhusu kila bili ya kodi ya nyumba inapoingia. Juni 1978 wapiga kura, wakiongozwa na Howard Jarvis na Paul Gann, waliweka ukomo: kodi ya msingi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Bei za nyumba zilikuwa zikipaa na wazee walikuwa wakishindwa kulipa kodi za nyumba walizomaliza kuzilipia. Karibu asilimia 65 walikubali.

Sasa weka nyumba mbili ubavu kwa ubavu, ramani ileile. Jirani alinunua yake miaka 30 iliyopita kwa dola 100,000. Hata ikipandishwa asilimia 2 kila mwaka, kwenye vitabu vya kaunti leo ni kama 181,000, na kodi yake ya msingi ni takriban dola 1,810. Wewe umenunua kwa 800,000: kodi yako ni dola 8,000. Taka zenu zinazolewa na lori lilelile.

Mzazi alipomwachia mtoto nyumba, nafuu hiyo ilikuwa ikirithiwa kwa urahisi. Prop 19 ya 2020 ilibana: sasa mtoto lazima aifanye makazi yake mwenyewe, na hata hapo kuna kikomo. Mwaka uleule Prop 15, iliyotaka majengo ya biashara yatozwe kwa bei ya soko, ilianguka kwa kura chache. Hizo ndizo sababu za Prop 13 kutajwa kila uchaguzi na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipopita.

## Nje ya California

18. Ndugu yangu yuko jimbo jingine. Sheria ni hizi hizi?

La. Karibu nusu ya majimbo hayana kabisa njia ya wananchi kuleta sheria kwa sahihi, ingawa katika majimbo yote isipokuwa Delaware, marekebisho ya katiba lazima yapite kwa wapiga kura.

Minnesota ni ya kuangaliwa kwa makini. Marekebisho ya katiba huhitaji zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura katika uchaguzi huo, si waliojaza hoja hiyo pekee. Kuacha wazi ni sawa na HAPANA. Ushauri wa swali la 13 usimpe mtu wa Minneapolis.

Florida inadai asilimia 60. Mwaka 2024 hoja ya haki ya kutoa mimba ilipata asilimia 57 na ikahesabiwa kuwa imeshindwa. Kanuni hiyo ya 60 iliingizwa mwaka 2006 kwa kura ambazo zenyewe hazikufika 60, maana wakati huo nusu ilitosha.

Texas haina hoja za sahihi. Ni bunge tu linaloleta marekebisho, na mara nyingi huyaweka Novemba ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, wakati hakuna rais wala gavana wa kuchagua. Novemba 2025 zilikuwa 17 kwa mpigo, na zote zilipita. Aliye Houston au Dallas na anayedhani mwaka huo hauna uchaguzi, aangalie kalenda ya kaunti yake.